Mashine Mbili, Ufunguo Mmoja

Laban Mwaringa alifika kwa wakwe zake Kaloleni akiwa na mkoba wa kompyuta begani na hana mtu wa kuongozana naye. Hapo tayari alikuwa amekosea. Mkwe ambaye mkewe amerudi kwao haji peke yake. Huja na wazee wa upande wake, na wazee huja na kadzama, ile pombe ya mnazi inayowekwa chini kabla mtu hajafungua kinywa kueleza kilichomleta. Laban aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini njia nzima kutoka Malindi alijipa moyo kwamba hakwenda kama mkwe, alikwenda kikazi.

Na kazi kweli ilikuwepo. Yeye na mkewe, Kache, waliajiriwa na kampuni moja inayokodisha nyumba za wageni Malindi na Watamu. Laban alikuwa fundi wa kompyuta, na Kache alipokea maombi ya wageni na kuwapangia nyumba. Paa la ofisi lilipobomolewa ili lijengwe upya, mkubwa wao, Bi Trizah, aliamuru kila mtu afanyie kazi nyumbani. Laban akapewa jukumu la kutengeneza VPN, yaani njia iliyofungwa pande zote, ambayo mtu aliye mbali hupitia mpaka kwenye kompyuta kuu ya ofisi bila wezi wa mtandaoni kumchungulia. Kila mashine ilipewa ufunguo wake wa siri. Laban aliwaonya wote: ufunguo ni wa mashine moja tu, haugawanywi.

Haikuwa kazi nyepesi, kwa maana kila mtu alikuwa na mashine ya namna yake. Bi Trizah alikuwa na Mac ambayo hakutaka iguswe na mtu asiyenawa mikono. Mhasibu wao Musembi, mtu mzima kutoka Machakos, alikuwa na simu ya Android aliyoiogopa, na kompyuta ya Windows aliyoazima kwa mwanawe, imejaa michezo ya mpira. Laban mwenyewe alitumia Linux, mfumo wa mafundi, na alipenda watu wajue. Wote hao aliwaunganisha. Akabaki Kache.

Kache alikuwa kwao tangu mamake azikwe. Habari yenyewe ni fupi na haimpendezi Laban. Alikwenda mazishini pamoja na ami yake, Mzee Mwambire, ndiye mzee pekee aliyebaki upande wake. Katikati ya matanga akapigiwa simu kwamba mitambo ya hoteli moja Kikambala, aliyoifanyia kibarua, imesimama. Akasema anakwenda na kurudi. Hakurudi siku hiyo wala ya pili yake. Mzee Mwambire akaachwa peke yake mbele ya wakwe, akiulizwa mkwe yuko wapi mpaka akaishiwa na majibu. Matanga yalipokwisha, Kache hakurudi Malindi, na Mzee Mwambire hakupokea tena simu za Laban. Miezi minne sasa, Kache akipokea maombi ya wageni kwa simu tu. Bila ami asingeweza kumwendea baba mkwe, na kwa ami aliona haya. Basi akakaa Malindi, akiongea na mashine.

"Shikamoo, baba," alisema sasa, mkoba umemning'inia begani.

"Marahaba, fundi," alijibu Mzee Kaingu, babake Kache. "Karibu."

Laban aligeuka kidogo, kana kwamba kuna fundi mwingine aliyemfuata nyuma. Hapakuwa na mtu. Mzee aliagiza kiti cha plastiki kiwekwe nje, karibu na zizi, pale wanapokaa wanunuzi wa mbuzi. Ndani hakukaribishwa. Akaletewa maji ya kunywa, akashukuru, akanywa.

Kache alitoka na kompyuta yake kuukuu, akaiweka juu ya kigoda. Alikuwa amenyoa nywele kwa ajili ya msiba, na uso wake ulionekana mdogo.

"Habari za Malindi?"

"Nzuri. Za hapa?"

"Hivyo hivyo. Itachukua muda?"

"Kidogo tu. Mtandao ukikubali."

Mtandao haukukubali. Simu ya Kache iliwekwa juu ya tangi la maji, ikatolewa, ikapelekwa juu ya paa la jiko, ikarudishwa kwenye tangi. Laban alitaka kujua kwanza kama njia yenyewe inapita, kabla hajahangaika kutengeneza ufunguo mpya. Akachukua ufunguo wa mashine yake mwenyewe, akaunakili kwenye ya Kache, kwa kujaribia tu. Ukurasa wa maombi ya wageni ukafunguka. Kache akatabasamu. Aliitabasamia kompyuta, lakini Laban alikuwa amekaa sambamba nayo, na tabasamu likamgusa naye.

"Umemaliza, fundi?" Mzee Kaingu alikuwa amesimama nyuma yao.

"Bado kidogo, baba, kuna kitu nataka..."

"Kama inafunguka, imekwisha. Usije ukapitwa na gari." Mzee akatoa noti ya shilingi mia mbili, akaiweka juu ya kompyuta. "Ya nauli."

Laban alitamani kuikataa. Lakini kuikataa kungempasa aseme kwamba yeye si fundi wa kulipwa, ni mkwe. Na akishasema hivyo angeulizwa wazee wake wako wapi. Kache alikuwa akitazama mbuzi. Laban akaipokea noti kwa mikono miwili, akafunga mkoba, akaaga. Ufunguo wake ulibaki mle ndani ya mashine ya mkewe, na fedheha ilivyokuwa imemjaa kichwani hakuukumbuka.

*

Kesho yake Kache alipiga simu. Ukurasa ulikuwa umekwama. Laban akamwambia azime awashe, ukafunguka, wakaagana kama watu wa ofisi. Baada ya muda akapiga tena. Mara ya tatu Laban alitazama orodha ya mashine zilizoingia kwenye kompyuta kuu. Jina la Kache halikuwemo hata kidogo. Jina lake mwenyewe ndilo lililokuwa likirukaruka, mara liko Malindi, mara liko upande wa Kaloleni.

Hapo akaelewa. Mashine mbili zikishika ufunguo mmoja, kompyuta kuu huzidhania ni mashine moja inayohamahama, nayo humjibu yule aliyesema mwisho. Mwenzake hubaki akiongea na ukuta. Kila Laban alipofungua kompyuta yake afanye kazi, Kache alikatika. Dawa yake ilikuwa ndogo: kumtengenezea ufunguo wake na kumtumia.

Akavuta pumzi amwambie. Kache akamtangulia.

"Kwani umekula?"

Kwa miezi minne hakuna aliyemwuliza Laban Mwaringa swali hilo.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chai na mkate."

"Saa saba hii ya mchana?" Kache alisonya kidogo, sonyo la mke, si la mfanyakazi mwenzake. "Haya, niangalizie hii kitu basi."

"Naiangalia. Nitakupigia."

Alijiambia atarekebisha jioni. Jioni akajiambia kesho. Baadaye akaacha kujiambia lolote.

Tusimpambe. Kilichofuata kilikuwa kibaya, na alijua ni kibaya. Nyumba yao ya Malindi ilikuwa na vyumba viwili na kimya cha vyumba kumi. Mchana, majirani wakiwa kazini na watoto shuleni, kimya kile kilimkaba. Hapo ndipo alipoifungua kompyuta yake, hata kama hakuwa na la kufanya, akaingia ofisini. Kisha akaketi na simu mapajani. Haikuchukua muda simu kuita.

"Imekwama tena, Laban."

"Pole. Hebu nisomee unachoona."

Kache alisoma, Laban akasikiliza sauti. Maneno yenyewe hakuyahitaji. Kidogo kidogo mazungumzo yakatoka nje ya kompyuta. Goti la baba linamsumbua. Mbuzi mmoja kazaa mapacha. Jirani amehama? Ile sufuria kubwa unaitumia?

"Naitumia. Nachemshia maji ya kuoga."

"Laban! Sufuria ya pilau!"

Kache alicheka mpaka akakohoa, na Laban naye akacheka peke yake sebuleni, machozi yakimtoka. Walipoagana aliifunga kompyuta yake ili mkewe apate kufanya kazi, akajiona ametenda wema.

*

Siku moja familia kutoka Nairobi ilifika Watamu na mizigo yake na watoto wake, ikakuta nyumba waliyoilipia imeshakaliwa na wageni wengine. Kache alikuwa ameandika nyumba ile imechukuliwa, ukurasa ukakwama katikati, maandishi hayakufika. Bi Trizah hakumpigia simu. Alimwandikia kwenye kundi la ofisi, machoni pa wote.

"Kache, hii si mara ya kwanza. Watoto wa watu wamekaa juani nusu siku kwa uzembe wako."

"Samahani sana Bi Trizah. Ni mtandao."

"Mtandao wa wenzako unafanya kazi. Laban, kuna shida upande wetu?"

Kundi zima likangoja. Laban aliandika, akafuta, akaandika.

"Upande wetu uko sawa."

Kache hakujibu tena. Bi Trizah akatoa amri: kuanzia Jumatatu Kache awe Malindi, afanyie kazi katika chumba cha nyuma ya nyumba yake yeye Bi Trizah, kwa kuwa huko mashambani ameshindwa. Asipofika asihesabu kwamba ana kazi.

Alasiri hiyo simu ikaita. Laban aliitazama kwa hofu kabla ya kuipokea.

"Nitakuja Jumapili," alisema Kache.

"Jumapili," alirudia Laban. "Utafikia wapi?"

"Nitafikia wapi kwani? Nyumba yangu si ipo?"

"Ipo. Ipo, Kache. Na baba je?"

"Baba amesema kazi ni kazi. Usininunulie samaki. Nitanunua mwenyewe, wewe huwa unauziwa waliolala."

Laban alifurahi mno. Alifagia uvunguni mwa kitanda, akafua mapazia, akaisugua ile sufuria kwa mchanga mpaka ikang'aa. Alinunua nazi, mchele, na kanga moja ya rangi ya manjano, kwa sababu Kache alipenda manjano. Aliimba. Kama angeulizwa saa ile, angesema kwamba watu wengi wamerudiana kwa njia mbaya kuliko hiyo, na kwamba hakuna aliyeumia.

Jumamosi asubuhi Musembi alibisha hodi, simu mkononi. Alikuwa ameifanya nini haijulikani, maandishi yote yamekuwa makubwa kama ya bango la hospitali. Laban akamkaribisha chai.

"Naona unatarajia mgeni," alisema Musembi, akiitazama sebule.

"Mama anarudi kesho."

"Kache? Mungu ni mwema." Mzee alikoroga chai yake kwa muda mrefu. "Basi mpokee vizuri, kijana. Bi Trizah ameniagiza nimkate mshahara wa mwezi huu, wote, kufidia wale watu wa Nairobi. Na barua ya onyo nimeiandika mimi mwenyewe kwa mkono huu. Nilikuwa naona aibu."

"Wote?"

"Wote. Lakini si pesa iliyoniumiza. Juzi alinipigia, akaniuliza, 'Mzee Musembi, kwani mimi nimekuwa mjinga siku hizi? Kila nikigusa kitu kinaharibika. Tangu mama afe, naona kichwa changu hakiko sawa.' Mwanamke mchapakazi vile."

Laban alirudisha maandishi ya simu ya Musembi kuwa madogo, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi aliiona kanga ya manjano juu ya kochi, bado imekunjwa kwa mikunjo ya dukani, akashindwa kuitazama. Alijua Kache alikuwa akikatika, akitukanwa, akichelewa. Hakuwahi kuwaza kwamba Kache alikuwa akijilaumu.

Alijua pia kitakachotokea akisema. Akafungua kompyuta, akatengeneza ufunguo mpya, akauandikisha kwenye kompyuta kuu kwa jina la Kache Kaingu. Kisha akapiga simu kabla moyo wake haujapoa.

*

"Nilikuwa nataka kukupigia," alisema Kache. Sauti yake ilikuwa nyepesi. "Nimeshafunga mzigo. Nikuletee nini? Kuna mihogo mizuri."

"Kache, kompyuta yako haina ubovu. Nawe huna kosa. Ni mimi."

"Wewe vipi?"

Akamweleza. Alimweleza vibaya, akirukaruka, lakini Kache alikuwa mtu mwepesi kuelewa. Mashine mbili, ufunguo mmoja. Mimi nikiingia, wewe unatoka.

"Ulisahau," alisema Kache taratibu. "Siku ile baba alivyokukimbiza."

"Siku ile nilisahau."

"Ukajua lini?"

Laban alifumba macho. "Ile siku uliponiuliza kama nimekula."

Mbuzi walisikika nyuma ya Kache, na mtu akipasua kuni.

"Nilipotukanwa kwenye kundi, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukaandika upande wetu uko sawa."

"Niliandika."

"Kwa nini, Laban?"

"Nilikuwa nataka unipigie."

Alitazamia atukanwe, na angeshukuru. Kache hakumtukana.

"Nimekutumia ufunguo wako," alisema Laban. "Futa ule wa kwanza, weka huu. Hautakwama tena. Kwa Bi Trizah nitaandika mwenyewe, mshahara wakate wangu. Huna haja ya kuja kesho kama hutaki."

"Kama sitaki," alirudia Kache. "Wewe mtu! Unadhani mimi nilikuwa nakuja kwa ajili ya Trizah? Ningekuwa sitaki, ningeacha kazi. Huku mihogo ipo." Sasa sauti yake ilikuwa imeanza kupasuka. "Mimi siwezi kurudi hivi hivi, Laban. Baba asingekubali, na mimi mwenyewe nisingejidhalilisha, mwanamke asiyefuatwa na mtu. Nilipoambiwa nije Malindi au kazi ife, nikasema ahsante Mungu, nimepata sababu. Nikamwambia baba kazi ni kazi. Akaniachia. Sasa mashine imepona. Sasa nitamwambia baba nini?"

Kwa siku zote zile Laban alikuwa akidhani yeye ndiye anayemvuta.

"Usimwambie," alisema mwishowe. "Njoo tu."

"Nimdanganye baba yangu? Baada ya haya? Subiri niweke huo ufunguo."

Alimsikia akibofya. Kwenye orodha, jina la Kache Kaingu likatokea chini ya jina lake, kwa mara ya kwanza, likatulia.

"Imeshika?" aliuliza Laban.

"Imeshika," alisema Kache, na simu ikakatika.

Laban aliandika kwenye kundi kwamba kosa lote lilikuwa lake tangu mwanzo, na kwamba alijua. Bi Trizah alijibu kwa maneno machache ambayo hayafai kurudiwa, na mshahara wa Laban ukaenda kwa watu wa Nairobi. Kache hakuandika kitu. Mchana huo simu haikuita.

*

Jumapili Laban aliamka akiwa na mchele, nazi, na nyumba safi. Kengele za kanisa zililia, watu wakapita wamevaa vizuri, wakarudi. Hakupika. Akafungua kompyuta ili tu apate kitu cha kukodolea macho, akaingia ofisini. Jumapili hakuna aliyekuwa akifanya kazi. Bi Trizah aliikataza kazi ya Jumapili kwa ukali.

Jina la Kache lilikuwemo. Alikuwa ameingia tangu asubuhi. Laban akatazama: hakufungua ukurasa wowote, hakupokea ombi la mgeni yeyote. Alikuwa ameingia tu, amekaa. Na sasa Laban naye alikuwa ndani, na hakuna aliyemtoa mwenzake. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, mikono magotini, akiogopa hata kugusa kitufe. Mwishowe akapiga simu.

"Umeniona?" aliuliza Kache.

"Nimekuona."

"Haya."

Laban alisikia jogoo wa Kaloleni.

"Bado nimekukasirikia," alisema Kache.

"Najua."

"Sijui nitaacha lini."

"Najua."

"Baba yupo," alisema Kache. "Mwezi huu wote yupo. Goti halimruhusu kwenda popote." Kisha akakata, na dakika hiyo hiyo jina lake likatoka kwenye orodha.

Laban aliifunga kompyuta. Jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya sebule. Alilitafuta jina la ami yake, Mzee Mwambire, kwenye simu, akalitazama, akakumbuka yule mzee alivyoachwa amekaa peke yake kwenye mkeka wa wakwe, akimtetea mtu ambaye hakurudi. Hakuwa amepanga maneno. Alibonyeza. Simu ikaanza kuita upande wa pili, ikaita, ikaendelea kuita, na Laban akajikuta amesimama wima peke yake katikati ya nyumba, kichwa amekiinamisha, shikamoo iko mdomoni.